Kura ya Kuchagua Standadi ya Ukurasa wa Asali

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye kwa leo ni mimi; Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Tovuti, ambaye pia ni mimi; waheshimiwa wajumbe, masheikh na wachungaji, wazee wangu wa Sepuka, shikamooni; akina mama wafugaji nyuki na wadau wengine wa digitali mliokaa juani, itifaki imezingatiwa! (Makofi.)

Kwanza nijipongeze. Miezi kumi na minne iliyopita Bi Emiliana, mwenye mizinga mingi kuliko kamati nzima, alituletea kaombi kadogo: ukurasa mmoja wa mtandaoni wenye jina la kikundi, picha ya asali na namba ya simu, kwa kuwa mnunuzi wa Dodoma alisema hawezi kuagiza mzigo kwa watu asiowaona popote, na ndoo arobaini za mama huyu zilikuwa stoo zikimsubiri. Mtu asiye na upeo angeuandika siku hiyo hiyo. Mimi niliunda kamati. (Makofi mengi, hasa ya kamati.)

Kamati ikabaini kuwa ukurasa huandikwa kwa lugha ya alama, inayoiambia kompyuta hiki ni kichwa, hii ni aya, hii ni picha, na kwamba zipo standadi tatu: HTML ya nne, ya kizamani lakini imezoeleka, XHTML, yenye nidhamu, ukifungua alama usipoifunga inagoma, na HTML5, ya kisasa, inayosamehe. Fundi kompyuta Chediel wa Utemini alitushauri tuchukue hiyo HTML5 tukalale, eti kwa ukurasa mmoja ubishi wote huo wa nini. Tulimtoa nje kwa kukosa uzalendo.

Tukafanya upembuzi yakinifu, semina elekezi mbili, ziara ya mafunzo Unyambwa, kisha kura kama tunavyochaguana vitongojini: kila standadi ikasimamiwa na mjumbe, wananchi wakapanga mstari nyuma yake. Mzee Simeoni aliisimamia XHTML na, kwa kuwa ukoo wake ni mkubwa, akapata asilimia sitini na moja. HTML ya nne ikapata arobaini na nne. HTML5 ilikuwa ya Bwana Ignas, ambaye ng'ombe wake waliingia kwenye alizeti za watu, ikaambulia tatu. Jumla asilimia mia moja na nane, mwamko ambao haujapata kutokea! (Vigelegele.) Walioshindwa wakakata rufaa, na kamati ya usuluhishi ikaamua kila standadi itawale miaka miwili miwili.

(Bi Emiliana anasimama. "Mheshimiwa, ukurasa wenyewe uko wapi? Asali yangu imeshaanza kuganda.")

Swali zuri sana, mama, limepokelewa na litaingia kwenye mchakato. Tovuti hoyee! (Hoyee.) Standadi hoyee! (Kimya.)

Nimalizie kwa shukrani. Namshukuru mnunuzi wetu wa Dodoma kwa uvumilivu wake, na kwa uungwana wa kunipigia jana kuniaga, kwamba amechukua mzigo kwa kikundi cha kijiji jirani. Nimeuona ukurasa wao: mistari minne, picha imekaa upande, standadi haijulikani, ila namba ya simu ipo. Nawashukuru na wao, maana ndio ukurasa pekee ninaoweza kuwaonesha leo. Wa kwetu haujaandikwa hata alama moja. Bi Emiliana, mama yangu, mbona unatoka? Hatujapiga picha ya uzinduzi.