Aliyemchoma Suka

Redio ya duka jirani ilikuwa haijamaliza taarifa, kijiwe cha kahawa pale Mwanjelwa kikachafuka. Basi la kuja Mbeya lilisimamishwa jana Makambako baada ya abiria mmoja kuwapigia simu trafiki kwamba dereva anapaa. Dereva kateremshwa, abiria wakapigwa baridi hadi alipopatikana suka mwingine.

"Na mimi nilikuwemo!" Anwari akadakia. Muuza viatu huyu wanamwita Mwendokasi, maana hajawahi kulisifu basi lisilokimbia. "Mtu na akili zako unamchoma suka kwa trafiki? Tungemjua, tungemtoa dirishani!"

Saulo Breki, fundi seremala, akasonya. "Nyie abiria vituko. Suka akienda themanini, mnamuuliza kama kabeba mayai. Mkipitwa na basi lingine, mnanuna kama mmefungwa goli."

"Halafu likilala mtaroni," Bibie akasema huku akimimina kahawa, "walewale ndio wanahojiwa: 'Tulimwonya sana, hakusikia.' Mlimwonya saa ngapi, na midomo imejaa mahindi ya kuchoma?"

Benchi zima likacheka. Anwari akahisi masikio yanapata moto.

"Mimi nilikaa nyuma ya suka kabisa, nampa moyo: 'Kanyaga, mwanangu!' Pale Sao Hill tukalipita lori la mbao kwenye kona, na fuso hilo linakuja usoni. Raha tupu!"

"Raha gani?" Saulo akamtazama mkono. "Mbona kahawa inamwagika?"

"Baridi hii! Mwoga ni huyo msaliti. Kajikunyata, kajifunika koti kichwani, ananong'ona kwenye simu: 'Afande, nina mapacha wachanga nyumbani, huyu mtu atatumaliza.' Mwanaume mzima!"

Anwari naye akayasikia maneno yake, yakiwa yameshatoka.

"Redio haijasema kama ni mwanaume," Bibie akasema taratibu.

"Wala mapacha haikuwataja," Saulo akaongeza. "Ila mwezi uliopita, nadhani, mtaa mzima tulikula pilau ya akika ya mapacha. Kwa nani vile?"

Anwari akaweka kikombe chini, akakumbuka ghafla kwamba duka lake halijafunguliwa. Alipita katikati yao bila kuaga, hatua ndefu ndefu, kanzu ikipepea.

"Mwendokasi!" Bibie akampigia kelele. "Punguza, baba! Hapo mbele kuna tuta!"