Kampeni ya Kutajwa

Jumatatu, 9 Juni 2025

Habari kubwa! Mgeni kutoka chuo kikuu amefika shuleni kwetu hapa Migori. Anaitwa Madamu Mwanamvita. Mwalimu Omwenga alisema amekuja kupima jinsi watoto wanavyotatua matatizo baina yao. Madamu mwenyewe akasema huu si mtihani, hakuna kupita wala kuanguka. Hakuna aliyemwamini. Hata Mwalimu alituonya tupake viatu rangi tusimwaibishe.

Kila mtoto ataitwa peke yake maktabani. Ataonyeshwa picha, aulizwe maswali, kisha ataje wenzake watatu anaopenda kucheza nao.

Kutajwa! Moyo wangu uliruka. Tangu nihame Homa Bay mwezi wa Januari nije kuishi na Shangazi Helen, sijaingizwa hata siku moja kwenye mchezo wa kati, ule wa kukwepa mpira ukiwa katikati. Damaris ndiye mwenye mpira wa soksi, naye ndiye huchagua wachezaji. Nikisogea tu husema, "Pole, msichana wa Homa Bay, tumejaa." Leo walikuwa wanne.

Lakini katika shule hii matokeo yote husomwa paredi ya Ijumaa, kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho. Ijumaa ikisomwa kwamba Metrine ametajwa na wengi, Damaris atanikataaje? Huu ni uchaguzi. Na uchaguzi hauendi bila kampeni.

Jumanne, 10 Juni

Nimechota njugu kwenye beseni la Shangazi, zile anazokaanga kuwauzia abiria stejini. Kidogo tu. Mfuko wa sare ukajaa.

Austine wa darasa letu amejiteua kuwa ajenti wangu. Alisema mgombea anayegawa kwa mkono wake mwenyewe hukosa heshima. Nikampa zote za mfukoni. Alirudi mikono mitupu, midomo inang'aa chumvi, akatangaza kwamba safu ya nyuma sasa ni ngome yangu. Baadaye nikakumbuka kuwa safu ya nyuma hukaa yeye peke yake.

Nikatoa akiba iliyokuwa begini, nikampelekea Teresa fungu lake mimi mwenyewe. Huyu hukaa nyuma ya jiko la shule akicheza ajua. Amechimba mashimo ardhini, anagawa kokoto, mkono wa kulia ukishindana na wa kushoto. Alisema hataki njugu. Amechoka kujishinda, afadhali nikae upande wa pili tucheze. Nilimweleza kwa upole kwamba mgombea hana nafasi ya kukaa.

Jioni Shangazi aliuliza kama panya wa nyumba hii siku hizi wanavaa sare. Nilicheka. Yeye hakucheka.

Jumatano, 11 Juni

Nimemfuta kazi Austine. Leo nilimwendea Damaris moja kwa moja na njugu alizokataa Teresa.

Alipokea! Akala, akawaita wenzake wawili wanaomfuata kila mahali, nao wakala. Akasema, "Aki Metrine, wewe ni mtu wa maana." Anajua jina langu! Nikauliza kama sasa naweza kuingia kati. Akasema leo wamejaa, lakini kesho ni kesho, na kwa sasa niwasaidie kushika sweta. Nimeshika sweta zote mpaka kengele ikalia. Ya Damaris inanukia sabuni ya maua. Ni dalili nzuri sana. Mtu hampi adui sweta yake.

Wakati wa kwenda nyumbani Teresa alitembea nami. Akauliza kama ni kweli kwamba Homa Bay mtu huliona ziwa akiwa darasani. Hakuna aliyewahi kuniuliza jambo la kwetu. Nilikuwa nimeanza kumweleza jinsi maji yanavyogeuka meusi kabla ya mvua, na sisi sote tunasimama kwenye madawati kutazama, Damaris akapita. Nikamkimbilia. Hakuwa na haja nami. Nilipogeuka, Teresa alikuwa ameshavuka barabara.

Alhamisi, 12 Juni

Zamu yangu. Madamu Mwanamvita alinionyesha picha: wasichana wanacheza, mmoja amesimama kando. Anataka kuingia. Afanye nini?

Nilijibu haraka: awape njugu. Vizuri, akasema, na njia nyingine? Miwa. Na nyingine? Mandazi. Mahindi ya kuchoma. Wakiwa wagumu sana, samaki. Madamu akaandika kidogo mno. Akaeleza kwamba zote hizo anazihesabu kuwa njia moja, ya kutoa kitu. Samaki na miwa, njia moja! Nilimhurumia. Amesoma mpaka chuo kikuu.

Kisha akauliza, je, huyu aliyesimama kando anajisikiaje? Nikafikiri. Nikasema mikono imemchoka kwa kushika sweta. Madamu akaitazama picha tena. Nami nikatazama. Hakukuwa na sweta yoyote.

Kutaja majina: Damaris na wale wawili wake. Teresa alinijia ulimini, lakini kura haipotezwi hivi hivi.

Ijumaa, 13 Juni

Paredi. Nilisimama mbele ili wasinitafute nikiitwa. Madamu alitushukuru, akampa kila mtoto penseli, akasema yote tuliyomwambia ni siri na hakuna jina litakalosomwa. Hakuna! Akaingia garini akaenda.

Austine alipiga kelele kwamba tumeibiwa. Damaris alisema njugu zangu zilikuwa na chumvi nyingi, na leo wamejaa.

Teresa alinivuta kando, akanong'ona kwamba alinitaja. Mimi tu. Aliombwa watatu akasema hana wengine. Akauliza kama nami nilimtaja. Nilimwambia Madamu amesema ni siri. Halafu nikamshukuru sana, nikamuuliza kama anajua Damaris alimtaja nani. Hajui. Akaenda zake polepole.

Jumapili, 15 Juni

Tumetoka kanisani. Nimelala kitandani nikifikiri, na kosa langu nimeliona wazi. Njugu ni kitu cha kila siku. Damaris anataka kitu cha sherehe. Biskuti za krimu! Wiki ijayo itakuwa yangu, nina hakika.

Nikiwa katikati ya mpango, Shangazi aliita kwamba kuna mtoto mlangoni ananiulizia. Niliruka! Nikachungulia dirishani. Alikuwa Teresa tu. Nikamwomba Shangazi aseme sipo. Kutafuta rafiki ni kazi inayotaka utulivu, haitaki watu wa kukusumbua.