Maua ya Fedha ya Mpwa Wangu

Jumatatu, 9 Juni
Mpwa wangu anaolewa Jumamosi. Kadi nimeletewa, kazi sijapewa. Mjomba mzima! Mapambo kakabidhiwa shangazi yake: nyeupe na rangi ya fedha, basi. Mpango: nitajipachika humo. Mpambaji hakosi pa kukaa. Tena mbele!

Jumatano, 11 Juni
Nimemwambia shangazi mtu maua ya fedha yameadimika mjini, ila nina mtu wangu. Uongo! Mtu wangu ni mimi na makopo ya rangi ya kupuliza. Akauliza kama nina uzoefu. Nikamwambia harusi nilizopamba hazina idadi. Kama niliwahi kufunga yangu, hakuuliza. Afadhali.

Ijumaa, 13 Juni
Nimepuliza maua ya plastiki chumbani tangu alfajiri. Kitanda, fedha. Kikombe changu, nilicho nacho kimoja, fedha. Mchana nikayafunga viti vyote mgongoni, juu ya vitambaa vyeupe. Ukumbi unameremeta! Nikakaa safu ya mbele, kujizoeza. Mlinzi akauliza namngoja nani. Nikainuka, nikajifanya nanyoosha ua.

Jumamosi, 14 Juni
Rangi haikukauka! Wageni wameegemea viti, wakainuka na migongo inayong'aa kama samaki. Mama mkwe wa mpwa wangu ndiye aliyeng'aa kuliko wote. Shangazi mtu akawa anauliza kwa sauti yuko wapi yule mtaalamu. Mtaalamu yuko stoo, nyuma ya makreti ya soda. Vigelegele vyote nimevisikilizia ukutani.

Jioni mlango ukafunguliwa. Bibi harusi mwenyewe!

"Mjomba! Kiti chako kimekaa kitupu siku nzima, kando ya mama. Tulikiandika jina lako."

Jina langu! Kumbe kile kikaratasi cha kwenye kiti cha mbele, nilichokifunika kwa ua jana. Sikukisoma, nilikuwa na haraka. Akanishika mkono, kiganja chake kikageuka fedha. Hakukifuta.

Jumatatu, 16 Juni
Mpwa wangu amepiga simu. Yeye na mumewe wananikaribisha chakula cha mchana Jumapili. Nikasema nitaangalia nafasi. Nafasi gani? Ninazo siku saba kwa wiki. Lakini kualikwa, kila mtu hualikwa. Mimi nataka kutafutwa! Mpango: nitatuma habari kuwa nimeteguka mguu, wafunge safari waje wao. Bendeji nimeshanunua. Bado sijaamua mguu upi.