Shingo ya Fundi Uzi

Habari ilimtoka Wembe kinyozi kabla hajamaliza hata kufungua kibanda.

"Sikieni gazeti la leo! Mlinzi kafukuzwa kazi kwa kulala lindoni, kumbe si usingizi, ni tezi!"

"Tezi ipi? Ile ya wazee?" akauliza Kesho, fundi rangi aliyepewa jina hilo kwa sababu kila nyumba ataipaka kesho.

"Ya shingoni, wewe! Ikilegea, mwili mzima unalegea. Bosi kamrudisha kazini na kumwomba radhi juu."

"Uongo huo! Basi mimi nina tezi mpaka kwenye visigino."

Benchi zima likaangua kicheko. Shangazi, muuza kahawa, alicheka mpaka birika likamyumbia mkononi. Asiyecheka alikuwa Uzi tu, fundi cherehani wa kibanda cha pili, aliyejikunyata ndani ya sweta ilhali jua linapasua mawe. Wiki ile alikuwa amesinzia juu ya cherehani mara tatu, na suruali ya bwana harusi aliishona mguu mmoja nje ndani. Mkewe alishaacha kugomba. Siku hizi alimtazama tu, na hilo ndilo lililomchoma.

"Huyo mlinzi," akauliza kwa sauti ya jogoo mwenye mafua, "wameandika kama alikuwa anasikia baridi?"

Wembe akarudi gazetini, kidole juu ya mstari. "Baridi, ndiyo. Uchovu. Kunenepa wakati huli sana. Ngozi kukauka. Kusahau. Choo kigumu..."

"Ruka hapo, watu wanakunywa kahawa!" akafoka Shangazi.

"Usiruke," akasema Uzi. "Soma."

Wakamgeukia wote.

"Uzi, usijitwishe maradhi ya watu," akasema Kesho. "Wewe umerogwa tu."

"Mchawi gani wa kuroga mtu avae sweta?" akadakia Wembe.

Shangazi akaweka birika chini. "Mimi dada yangu, tumbo moja, tulimwita mvivu miaka miwili. Mama alikuwa anamficha sufuria akidhani ni mlafi. Kipimo kimoja cha damu kikatuumbua ukoo mzima."

"Si umesema dada? Basi ni ugonjwa wa wanawake."

"Wanawake ndio wengi. Lakini shingo hata wewe unayo, Kesho, japo unaitumia kugeukia sahani za watu."

Wembe akasogea, akamwekea Uzi vidole kooni. "Shingo hii nimeinyoa miaka tisa. Nyusi zako zimeisha pembeni, nikadhani ni mkono wangu umezidi. Hebu meza mate."

Uzi akameza. Kitu kikapanda na kushuka chini ya vidole vya kinyozi, na kinyozi akaacha utani.

"Pima kola."

Uzi akavuta utepe wa kupimia uliokuwa begani. Inchi kumi na saba. Mwaka jana ilikuwa kumi na tano na nusu.

"Shati hili nimelitanua kola mara mbili," akasema taratibu. "Nikawa nalaumu kitambaa, eti kimesinyaa."

"Kesho asubuhi hospitali," Shangazi akaamuru. "Si Kesho huyu, kesho ya kweli. Na usiseme 'nimechoka' tu, utapewa vidonge vya maumivu urudi nyumbani. Kesho, kaa hapo uwe daktari."

Kesho akakunja nne. "Ni umri, mzee. Nenda kapumzike."

"Haya, daktari. Asante."

"Asante ya nini? Rudia!" akafoka Shangazi.

Mara ya tatu ndipo ilipotoka sawasawa: "Daktari, nina miezi minane ya uchovu na baridi. Sauti imekwaruza, shingo imevimba. Naomba nipimwe damu, muangalie tezi ya shingo."

Akaenda. Daktari kweli alianzia kwenye umri. Uzi nusura aseme asante, kisha akayasema maneno yake yote bila kuacha hata moja. Daktari akaweka kalamu chini, akampapasa shingo, akaandika kipimo.

Majibu yakaja: tezi imelegea. Kidonge kimoja kila asubuhi kabla ya kula, na baada ya wiki sita arudi apimwe tena.

Mkewe alipoisoma ile karatasi alikaa juu ya meza ya kukatia nguo, akajifuta macho kwa kipande cha bitana. "Nilidhani umenichoka."

"Nilichoka, mke wangu. Lakini si wewe."

Mwezi wa tatu wa vidonge, sweta lilikuwa limetundikwa msumarini na cherehani inanguruma tangu asubuhi. Siku hiyo ndipo Kesho alipotokea benchini uso umemshuka, karatasi mkononi.

"Na mimi nimepimwa," akasema. "Nikamweleza daktari kila kitu. Siamki, sina hamu ya kazi, brashi naiona nzito kama nondo."

"Wakasemaje?" akauliza Wembe.

"Tezi nzima. Damu safi. Wameniambia sina ugonjwa hata mmoja."

Benchi zima likainamisha vichwa kama msibani. Shangazi akatikisa kichwa. Uzi akainuka kwenye cherehani, akavua kofia, akampa mkono kwa mikono miwili.

"Pole sana, ndugu yangu."