Umri wa Dereva Filemon

Jumatatu, 4 Machi 1957

Filemon amerudi na basi, hakula. Kiburu cha ndizi na maharage nimekipasha moto mara mbili. Nikamwuliza nani amekufa. Akasema hakuna, ila tajiri wake Bhupendra hataki kusaini mkataba mpya wa madereva. Chama kinataka dereva astaafu akiwa na miaka sitini. Bhupendra alitaka hamsini na mitano. Sasa amekubali sitini, kwa sharti: dereva mmoja aliyevuka umri huo atoke Jumamosi hii, ndipo asaini.

Kwani dereva ni maziwa, kwamba siku ikifika anachacha? Shule sikuiona, herufi zangu ni za mafundisho ya ubatizo, lakini dhuluma naisoma bila miwani. Filemon hupita kona za Kilema kwenye tope akiimba. Wakimtoa kwenye usukani atafanya nini? Atasimama kwenye kihamba changu, shamba hili la nyumbani, kama mgomba uliokatwa mkungu, anasubiri panga.

Nimemkanda mabega. Nimemwambia hawatamtoa nikiwa hai. Akasema hilo ndilo linalomtia hofu.

Jumanne, 5 Machi

Seleman, katibu wa chama, amepanda kutoka mjini na viatu vyake safi. Kijana ana adabu, shikamoo yake ilianzia barabarani. Akatueleza dawa: kunyamaza. Wazee pale ni wawili tu, Filemon na Ildefonce, na hakuna mwenye cheti cha kuzaliwa. Watu wasipotaja umri wao, Bhupendra atachoka, atasaini. Kisha akanigeukia. Bibi, akasema, nakuomba hasa wewe.

Mimi hasa! Nikampa ndizi za njiani, akashuka.

Kunyamaza gani, na mke wa Ildefonce ni Mektrida? Yule jirani anayejifungulia maji ya mfongo, mfereji wetu wa mashamba, siku ya zamu yangu. Anayeiba maji mchana atashindwa kuiba kazi ya mtu?

Jumatano, 6 Machi

Nimempaka Filemon masizi na mafuta ya nyonyo kichwani. Alitoka hapa kijana, hata mbwa alimbwekea. Joto la injini likaharibu kila kitu. Kufika Himo, weusi umeshuka mpaka kwenye kola. Mama mmoja wa Kahe akapiga kelele kwamba dereva anavuja oili. Basi zima likacheka.

Filemon amenikataza kugusa kichwa chake tena. Nimemwambia shati nafua mimi, kwa hiyo malalamiko ni yangu.

Alhamisi, 7 Machi

Nimemkuta Mektrida njiani, mtungi wa pombe ya mbege kichwani. Nikamwuliza anampelekea nani. Akaniambia: mama Veronika, ni mambo ya nyumbani kwetu, hayakuhusu.

Hayanihusu. Anawanywesha wazee ili waseme Filemon ndiye mkubwa. Nimelima kwa hasira mpaka jembe likachomoka mpini. Haya. Yeye anamzeesha wangu, mimi nitamzeesha wake. Na ushahidi ninao, sihitaji kumnywesha mtu.

Jumamosi, 9 Machi

Gereji ya Bhupendra. Sisi wake hatukualikwa, tumekwenda. Madereva wamekaa kimya kama walivyofundishwa. Bhupendra akauliza nani anaujua umri wa wazee hawa wawili. Seleman akatazama mabati. Wote kimya. Bhupendra akashika kalamu, akaguna, akaanza kuuvuta mkataba kwake.

Hapo Mektrida akafungua mdomo. Sikumngoja. Nikasimama, nikasema Ildefonce aliingia jandoni msimu ule reli ya Mjerumani ilipofika Moshi. Mimi nilikuwa msichana, nikibeba chakula cha wavulana mpaka njia panda. Kilio chake kilisikika mpaka mtoni.

Walicheka mpaka mafundi wakaweka spana chini. Bhupendra akapiga hesabu. Tangu reli ni miaka arobaini na sita, na mvulana wa jando hapungui kumi na mitano: sitini imepita.

Ildefonce hakukasirika, mpumbavu yule. Akasema ni kweli alilia, na mpaka leo anamshukuru Filemon, aliyemshika mkono siku ile, kwa kuwa waliingia jandoni pamoja na kulala kitanda kimoja cha majani ya migomba.

Rika moja. Nilijua. Kilema nzima inajua. Hasira ilikuwa imelikalia jambo hilo kichwani mwangu.

Bhupendra akasema kumbe watatoka wote wawili, akasaini. Seleman akafunika uso kwa kofia. Filemon akaweka ufunguo wa basi mezani, taratibu, kama analaza mtoto.

Jumapili, 10 Machi

Sikwenda kanisani. Padri angechagua somo la ulimi. Mektrida amekuja yeye mwenyewe. Kumbe mbege ilikuwa ya posa ya mpwa wake. Kumbe jana alikuwa anapiga mwayo. Ameniita gari bovu, honi bila breki. Nikamwambia azungumze kwanza habari za mfongo.

Filemon aliamka alfajiri, akavaa shati la kazi, akakaa uani. Basi lilipopita kule chini na dereva mgeni, gia ikalia kwenye kona. Nikaona mguu wa Filemon unakanyaga udongo, unatafuta klachi. Nimempikia mtori, nimemlisha kwa mkono wangu. Kila kijiko nilichompa, hasira ilipanda.

Nimefikiri. Mkataba unasema sitini. Bhupendra naye ana mvi, na siku nyingine huendesha basi yeye mwenyewe. Mama yake mzee, Sulochana, hununua ndizi kwangu sokoni. Kesho namwuliza alimzaa mwaka gani. Kisha nakwenda gereji, nasimama mbele ya watu wote, nasema.

Filemon amenishika mikono miwili, amenisihi safari hii ninyamaze. Nimemwambia kunyamaza ndiko kulikotuponza.