Mzee wa Koti la Kaki Niliyemkimbiza Kwenye Chai

Jamani, leo nimejivua nguo mbele ya foleni nzima ya Lupepo. Nasema kwa msemo tu, ingawa kiatu kimoja kilinitoka kweli, na mpaka naandika hapa sijakipata.

Nawaeleza mwenyewe kabla hamjasikia upande wa pili. Upande wa pili una mashahidi wengi.

Mnanijua. Mimi ni mtu wa kushuku. Mtu akinisalimia mara mbili kwa siku najiuliza anataka nini. Kwa hiyo chama changu kiliponiomba niwe wakala kwenye uandikishaji wa wapiga kura, nikasema hatimaye kipaji changu kimeonekana. Semina ilikuwa ya siku moja. Tukaambiwa wakala anakaa kituoni, anaangalia anayekuja kujiandikisha ni raia, ametimiza miaka kumi na nane, ni mkazi wa pale, na hajiandikishi mara mbili. Tukaambiwa pia wakala haingilii kazi ya waandikishaji. (Nadhani hapo nilikuwa nimetoka kufuata chai.)

Nilipangiwa Tukuyu mjini, kituo kizuri, karibu na soko. Jana jioni napigiwa simu: wakala wa Lupepo anaumwa, nenda wewe, kesho ni siku ya mwisho. Sasa Lupepo ndiko kwa wakwe zangu. Nimeolewa huko miezi saba tu iliyopita.

Na hapa lazima niwaambie habari za baba mkwe, maana ndizo zilizonimaliza. Mzee ni Mnyakyusa wa kizamani. Kwa mila yake, baba mkwe na mke wa mtoto wake hawaonani uso kwa uso, hawapeani mkono, na mimi jina lake silitamki hata nikipigwa. Mimi ni Mnyakyusa pia, lakini wa Mbeya mjini, na kwetu mambo hayo aliondoka nayo bibi. Yeye anayashika. Siku ya harusi alikaa nyuma ya nguzo ya kanisa. Nikienda kwao, mimi naingia mlango wa mbele, yeye anatokea wa nyuma. Kwa miezi saba ninachokijua kwake ni kikohozi: viwili vifupi, kisha kimoja kirefu, kama mtu anayewasha pikipiki iliyogoma. Kinakwenda kinaishia migombani, halafu mama mkwe ananiambia, "Baba yako anakusalimu."

Asubuhi kabla sijatoka nikamuuliza mume wangu, Lugano, kama baba yake alishajiandikisha. Akasema baba ana kadi tangu zamani, anailaza ndani ya Biblia, hana shida. Nikaondoka na moyo mweupe kabisa.

Kituo kilikuwa ofisi ya kijiji. Ukiingia unakutana na meza ya mwandishi, mwalimu mmoja mpole mwenyeji wa Tabora. Pembeni yake dada wa mashine, anayepiga picha na kuchukua alama za vidole. Na mlangoni kabisa, benchi la mawakala, hivi kwamba hakuna anayepita bila kupita mbele ya magoti yetu. Nilikaa na Asajile, kijana wa pale pale Lupepo, wakala wa chama kingine. Tulisalimiana vizuri na kutazamana vibaya. Akiandika kitu kwenye daftari lake, na mimi naandika. (Sikuwa na cha kuandika. Niliandika: "Ameandika kitu.")

Saa nne akatokea mzee. Koti refu la kaki, kofia ya sufu, mabuti ya mvua. Alikuwa anafuata yeye kuingia. Kufika mlangoni akaniona, akavuta kofia mpaka kwenye pua, akageuka na kuondoka kwa haraka. Hakuulizwa na mtu. Hakusukumwa na mtu.

Nikaandika: "Mzee, koti la kaki. Ameniona, amekimbia."

Saa tano na nusu karudi, safari hii kwa upande wa dirisha. Anachungulia. Nikageuza shingo, kofia ikazama chini ya dirisha. Nikaandika. Saa saba kaja amejibanza nyuma ya mama mmoja mnene wa kitenge cha njano, mama akipiga hatua naye anapiga hatua. Nikasimama nimwone vizuri. Hayupo tena.

Yule mama wa kitenge akaguna. Akaniinamia, akaniambia kwa sauti ya chini, "Binti, wewe huoni?"

"Naona, mama. Naona sana."

"Basi si usogee?"

"Sisogei hapa mpaka kituo kifungwe."

Akanitazama kama mtu aliyeona kuku anavuta sigara, akaenda kwa wenzake, wakaanza kunong'ona Kinyakyusa cha haraka ambacho mimi wa mjini nashika nusu nusu. Nikaandika: "Mama wa kitenge cha njano. Anashirikiana naye."

Nikamgeukia Asajile, nikamuuliza kwa ujanja, kama kwa mazungumzo tu, kama anamjua yule mzee. Akacheka. "Dada, unaniuliza mimi?" Jamani, mtu msafi hajibu swali kwa swali. Pale pale nikajua mzee kapandikizwa, na aliyempandikiza yuko kwenye benchi langu, tunagusana viwiko.

Nikajenga kesi yangu yote kichwani. Mzee keshajiandikisha kata nyingine, labda Kisiba, leo kaletwa apate kadi ya pili. Au si raia. Nikampigia simu mratibu wangu wa chama, nikamweleza kwa kunong'ona nikiwa nimefunika mdomo. Akasema, "Fuatilia." Alimaanisha niandike taarifa. Mimi nikaelewa ninavyoelewa mambo.

Saa kumi mvua ikaanza, ile mvua yetu ya Tukuyu isiyopiga hodi. Foleni ikapungua. Kituo kinafungwa saa kumi na mbili na baada ya hapo mashine inahamia kata nyingine, kwa hiyo kila aliyebaki alikuwa na wasiwasi. Ndipo akaingia. Safari hii kafungua mwavuli mkubwa mweusi, kauinamisha mpaka mabegani upande wangu. Nikaona mabuti tu yakipita mbele ya magoti yangu, moja, mbili, mpaka mezani.

Akamwambia mwalimu kwa sauti ya chini sana kwamba kadi yake imepotea, anaomba nyingine. Mwalimu akamwambia vizuri, mzee wangu, tutaangalia taarifa zako kwenye mashine, utapigwa picha, utapata kadi hapa hapa, lakini tafadhali funga mwavuli, humu ndani hakuna mvua.

Mzee hakufunga.

"Sasa picha tutapigaje, mzee?"

Mwavuli ukatikisika kidogo, lakini haukufungwa.

Nikasimama. Niliona siku yangu imefika. Nikanyoosha kidole, nikasema kwa sauti ya semina, "Mwandishi, namwekea pingamizi huyu. Mtu asiye na cha kuficha hafichi uso!"

Mwavuli ukaruka upande, koti la kaki likapita mlangoni. Na mimi nyuma yake.

Sikujua mzee wa umri ule anaweza kukimbia hivyo. Alikata kona ya ofisi, akaingia shamba la chai. Nikaingia naye. Nyie mnazijua zile njia za katikati ya chai, ni nyembamba, zinateleza, matawi yanakushika sketi. Kiatu cha kushoto kikabaki kwenye tope. Nikakimbia na cha kulia. Nyuma nasikia akina mama wanapiga yowe, nikadhani wananishangilia. (Kweli. Nilidhani hivyo.)

"Mzee, simama! Wewe ni mkazi wa wapi?"

Kwenye mtaro akasita kuruka. Nikamdaka mkia wa koti kwa mikono miwili.

Akasimama, amenipa mgongo. Mimi nahema, nimeshika koti, natazama nyuma nione kama Asajile anaandika. Watu wote wamefika: foleni, akina mama, mwalimu wa Tabora, dada wa mashine. Mvua tu.

Ndipo mzee akakohoa.

Viwili vifupi. Kimoja kirefu.

Jamani. Jamani! Damu ilinishuka mpaka kwenye mguu usio na kiatu. Nikaachia lile koti kama nimeshika sufuria la moto. Nikataka kuomba radhi, nikakumbuka siruhusiwi kusema naye. Nikataka kukimbia, nikaona njia imejaa watu. Nikachuchumaa kwenye chai, nikafunika uso kwa daftari langu la taarifa, lile lile lililoandikwa "amekimbia" mara tatu.

Mama wa kitenge cha njano akaja, akajifungua kitenge chake cha juu, akanifunika kichwa chote. "Haya," akasema. "Hilo ndilo nililokuwa nakuambia tangu saa saba."

Kumbe Lupepo nzima ilikuwa inaangalia sinema. Mzee alikuwa anaonyesha adabu, anangoja mkwe wake naye aonyeshe adabu asogee, na mkwe anakodoa macho na kuandika. Waliamini najua. Nani hamjui baba mkwe wake?

Nikiwa chini ya kitenge nikamsikia mzee anazungumza. Hasemi na mimi, anasema na Asajile, lakini kwa sauti ya kunifikia.

"Mimi nilijua tangu asubuhi. Chama chao kina akili. Wamemchukua mkwe wangu wakamweka mlangoni makusudi, ili nisipate kadi."

Watu wakaitikia kwa miguno. Na Asajile, asiye na haya, akafungua daftari lake akawasomea: aliandika hivyo hivyo tangu saa nne. Siku nzima mimi nashuku kwamba mzee kapandikizwa, na mzee na kata yake wanashuku kwamba niliyepandikizwa ni mimi. Hata mimi ningejishuku.

Mwalimu akatazama saa, imebaki saa moja na nusu. Akanieleza kwa upole unaouma kwamba pingamizi huwekwa baadaye, majina yakishabandikwa ukutani, na huwekwa kwa fomu, si kwa kukimbiza mtu kwenye chai. Lakini kwa kuwa nimepiga kelele mbele ya watu kwamba mzee hatambuliki, anataka niseme sasa, mbele ya watu hao hao, kama namtambua.

"Namtambua," nikasema ndani ya kitenge.

"Anaitwa nani?"

Nikavuta kitenge chini zaidi. Akina mama wakasogea, wananisikiliza kama nitalitamka.

"Asubuhi yote hukumjua," mwalimu akasema, na sauti yake sasa ilikuwa na shaka. "Sasa unamjua ila hujui jina?"

Jina nalijua, limeandikwa kwenye cheti changu cha ndoa. Lakini kwa siku moja nilikuwa nimeshavunja ya kutosha. Nikasema, "Ni baba yake mume wangu." Mwalimu wa watu akafikiri kidogo, akatazama zile sura, akatazama kitenge, akasema, "Aaa," akarudi mezani kwake.

Benchi la mawakala likahamishiwa nyuma ya ofisi, na mimi juu yake, nimetazama ukuta, nimefunikwa. Nikasikia yote kupitia dirishani. Mzee katoa kofia. Mzee kapigwa picha. Kisha alama za vidole zikakataa. Mikono iliyochuma chai miaka yote hiyo, vidole vimelainika, mashine haioni mstari. Wakafuta, wakarudia. Wakapaka maji, wakarudia. Dakika zinakwenda. Niliona aibu ile mpaka nikalia kidogo, nasema kweli. Kama mzee angeikosa kura yake, angeikosa kwa sababu yangu, saa sita nzima nimekaa mlangoni kama mbwa. Tangu asubuhi nilikuwa naomba mashine imkatae. Sasa nikaomba imkubali, na niliomba kwa Kinyakyusa changu kibovu ili nisikilizwe haraka.

Dakika tano kabla ya saa kumi na mbili dada wa mashine akasema, "Imeshika." Nikasikia kadi inatoka. Nikasikia watu wanapiga makofi. Nikasikia mzee anasema, "Ndaga, ndaga fijo," anamshukuru kila mtu mmoja mmoja. Kisha kikohozi kikaenda kikaishia migombani.

Nimefika nyumbani na kiatu kimoja na kitenge cha watu. Lugano hakucheka, na hilo limenitisha zaidi. Kesi ni mbili, ananiambia. Ya kwanza, nimeshika koti la baba yake. Jumamosi napeleka jogoo wa kuomba radhi, nitamkabidhi mama mkwe mlango wa mbele, na mzee atampokea mlango wa nyuma. Ya pili, mama mkwe alikuwa hajui kwamba kadi ilipotea. Mzee alimficha wiki tatu. Sasa anajua yeye na kata nzima, na Biblia imekaguliwa.

Halafu akanisomea ujumbe wa baba. Mzee ananisalimu, na anauliza kwa heshima siku ya kupiga kura nitakuwa wakala wa kituo gani, ili ajipange mapema.

Nimemjibu kupitia mwanaye kwamba sitatoka nyumbani mpaka nisikie amekohoa akitoka kupiga. Na wewe unayecheka hapo kwenye simu, hebu nionyeshe kadi yako kwanza.