Kuhusu Fundi Aliyefunga Chanya Kwenye Fremu

Kwa Mkuu wa Chuo cha Ufundi,
Ofisi ya juu, mlango wa pili ukimaliza ngazi
(hivyo ndivyo alivyonielekeza mlinzi wako)

Ndugu Mkuu,

KUHUSU: MPWA WANGU, PIKIPIKI YANGU NA NYAYA ZAKE

Kabla sijakujibu ni vizuri ujue unaandikiana na nani, usije ukadhani barua hii imetoka kwa mtu wa hivi hivi. Mimi ni mtu wa bahati. Bahati inanipenda mpaka watu wananiuliza naipa chakula gani. Nimefanya kazi jikoni melini miaka minne, tukazama mara moja, na kati ya wote waliookolewa ni mimi peke yangu niliyetoka majini na kofia kichwani. Nimeoa mwanamke aliyekuwa anaposwa na watu watatu, mmoja wao ana gari. Shule nilifika mpaka mlango wa sekondari, nikauona uko wazi, nikaridhika, nikarudi.

Lakini hayo yote ni madogo mbele ya pikipiki. Marehemu shemeji yangu, mume wa dada yangu, siku zake za mwisho alizungukwa na ndugu chumba kizima, wengine wamekaa mpaka dirishani. Akanyoosha kidole, kikawapita wote hao, kikasimama kwangu. "Pikipiki," akasema, "ni ya huyu." Ni pikipiki ya zamani kuliko mimi, ina tangi kama tumbo la punda aliyeshiba, na ikipita hata wagomvi hunyamaza kwanza waitazame.

Sasa nije kwenye barua yako. Unasema mpwa wangu, binti wa marehemu huyo huyo, ameomba kazi ya ualimu chuoni kwako, afundishe umeme wa magari na pikipiki. Unasema amekutajia mimi kama mteja aliyefungiwa nyaya mpya pikipiki nzima, na kwamba jibu langu ndilo litakaloamua kama anapata au anakosa. Umeuliza vizuri, na umemuuliza mtu anayejua. Jibu langu ni hili: usimwajiri.

Sina chuki naye. Nimembeba mabegani alipokuwa mdogo, na mpaka leo bega langu la kushoto liko chini kuliko la kulia. Lakini haki haina mpwa. Nakupa sababu zangu kwa namba, kama wafanyavyo wasomi.

1. Haamini mtu. Siku ya kwanza nilimwambia wazi kwamba nyaya zote ni nzima isipokuwa mmoja, ila sijui ni upi. Fundi mwenye shukrani angeona nimemrahisishia kazi. Yeye akatoa mita yake ya kupimia umeme, akaanza kugusa waya mmoja mmoja kama daktari anayetafuta uvimbe. Nikamweleza kwamba sisi enzi zetu betri tulikuwa tunaipima kwa ulimi. Machozi yakikutoka, ni nzima. Akaniangalia kwa huruma. "Kumbe ndiyo maana unaongea hivyo, Mjomba?" Kinyozi, ambaye kibanda chake kimepakana na karakana yangu ya makochi, ilibidi azime mashine asije akamnyoa mteja nyusi kwa kucheka. Anayemjibu mjomba wake namna hii, wanafunzi wa watu atawaacha na nini?

2. Anaandika kuliko kufanya kazi. Siku mbili nzima hakukata waya hata mmoja. Alikata tepu nyeupe, akaandika kwa kalamu, akauzungushia kila waya jina lake: honi, breki, dainamo, taa ya nyuma. Pikipiki ikajaa vikaratasi mpaka ikafanana na duka la dawa. Kinyozi akauliza, "Huyu ni fundi au karani wa masijala?" Safari hii nilicheka mimi. Kisha, kana kwamba hayo hayatoshi, akachora. Karatasi kubwa, mistari ya rangi, kila waya unapotoka na unapokwenda. Juu kabisa akaweka kichwa kwa herufi kubwa: PIKIPIKI YA BABA. Hilo nililipuuza, nikijua ni heshima tu, maana mjomba naye ni mzazi. Lakini mchoro wa nini? Mwenye kwake haulizi njia ya chooni.

3. Anadharau mali za watu. Nyaya za zamani zilikuwa zimevikwa kitambaa, na kitambaa kilikuwa kinapukutika ukikigusa, hilo nakubali, mimi si mbishi. Ndiyo maana kwa ukarimu wangu nikamletea gunia la nyaya nilizokusanya kwa miaka kumi na mmoja: za pasi, za feni, za redio mbili, na mmoja mrefu, safi kabisa, wa kengele ya mlango wa tajiri niliyemshonea makochi. Zote nyeupe, zimetulia kama wanakwaya. Akazitazama, akalifunga gunia. "Mjomba, zote nyeupe? Nikipotea humo ndani nimuulize nani njia?" Akaja na rangi saba za kwake. Akalehemu kila kiungo, akakivalisha mpira, halafu, sikiliza hili, akakivuta kwa nguvu aone kama kitakatika. Mimi nikimaliza kushona kochi sirukiruki juu yake. Fundi anayeijaribu kazi yake mwenyewe ni fundi asiyejiamini.

4. Amenivunjia jamii. Hili naomba ulisome ukiwa umekaa. Kabla ya huyu binti, kila asubuhi pikipiki yangu ilisukumwa na wanaume watano kutoka mlangoni mpaka pale barabara inapoanza kushuka. Kinyozi kulia, fundi viatu kushoto, watatu nyuma, mimi juu naongoza. Mle msukumoni ndimo tulimojua nani mgonjwa, nani kafiwa, binti wa nani kachumbiwa na kwa nini haraka hivyo. Sasa napiga kiki moja, inawaka. Naondoka peke yangu kama mtu asiye na ndugu. Kinyozi ameota kitambi. Fundi viatu nimekutana naye juzi ananiuliza hali ya mke wangu kana kwamba nimehama mji. Honi nayo inalia. Zamani nilikuwa napaza sauti, watu wananijibu, tunatukanana kidogo, siku inapita. Hata taa imeniletea huzuni. Zamani nilikuwa nalikanyaga shimo bila kulijua. Sasa naliona tangu mbali, na roho inaniuma kabla sijalifikia.

5. Hapa sasa tumeingia kwenye jinai. Mwezi wa pili tangu amalize kazi, nilitoa betri ili niifute vumbi. Juu yake nikakuta karatasi ameibandika kwa tepu: CHANYA IENDE KWENYE FREMU. USIBADILISHE. Ndugu Mkuu, mimi nimetembea. Nimeona malori, nimeona matrekta, nimeona jenereta la meli lenye ukubwa wa nyumba, na kote huko waya wa hasi ndio unaofungwa kwenye bodi. Hata kwa akili ya kawaida, chanya ni kitu chema. Kitu chema utakipigilia kwenye chuma chenye matope? Nikawaita majirani. "Njooni mwone elimu ya siku hizi." Mbele ya mashahidi nikageuza, hasi kwenye fremu, chanya kwa heshima yake. Fyuzi aliyoiweka yeye, kauzi kembamba kama unywele, ikasusa palepale. Nikaipa matibabu madogo ambayo hayahusiani na barua hii. Ndipo moshi ukatoka chini ya tangi, mweusi, wa kunuka, na kiti nilichokishona kwa ngozi iliyobaki kwenye makochi ya hakimu kikatoboka tundu la kuingiza sahani. Watu walikimbia. Mteja wa kinyozi alikimbia amenyolewa upande mmoja na hajarudi kumaliziwa. Sasa angalia ushahidi: nyaya zilizoungua ni zake. Zangu nyeupe zimo guniani, hazina hata alama.

6. Hana adabu ya mkosaji. Nilimtumia ujumbe kwa simu: "Nyaya zako zimeniunguzia pikipiki." Mtu mwenye haya angejitetea, angelia, angemtuma mama yake aje aniombe radhi. Yeye akajibu maneno matano: "Nakuja Jumamosi, Mjomba. Usiguse kitu." Nisiguse kitu! Mimi! Ndani ya karakana yangu! Tangu Jumanne nimekaa nimefumbata mikono, makochi ya watu yananitazama utumbo nje, na mke wangu kila akipita anauliza kama nimekamatwa.

Kwa sababu hizo sita, ambazo kila moja ingetosha peke yake, naomba yafuatayo. Usimwajiri. Cheti mlichompa kirudishwe, kikatwe vipande viwili, mimi nibaki na chenye muhuri. Mita zote za chuo zifungiwe kabatini, wanafunzi warudi kwenye ulimi. Michoro ipelekwe kwa wanaofunga karanga. Na kwa kuwa nafasi haifai kukaa wazi, na nchi inahitaji walimu, mimi nipo. Sihitaji ubao wala chaki. Nahitaji kochi moja zuri darasani, na hilo nitakuja nalo.

Nisalimie walimu wako wote, hata wale wa hesabu. Msalimie karani aliyepiga chapa barua yako, umwambie nimeona alivyokosea jina la mtaa wangu na nimemsamehe. Mlinzi wa geti mpe salamu zake, ingawa aliniambia mlango ulipo kisha akanizuia nisiufikie. Wapishi wa wanafunzi wape pole. Nimepika melini, nayajua masufuria makubwa. Na wanafunzi wenyewe, hasa wanaofeli, waambie wasikate tamaa, wanifikirie mimi.

Ni mimi ninayestahili kusikilizwa,

Fundi Makochi,
mjomba wa mwombaji

NYONGEZA

Hayo ya juu nimeyamaliza jana Ijumaa. Bahasha ilikataa kushika gundi, na hiyo ndiyo pona ya mtoto wa watu.

Leo asubuhi amekuja. Akapiga goti kando ya pikipiki, akaangalia mahali pa fyuzi, akachomoa ile karatasi inayong'aa ya pakiti ya sigara niliyoikunja na kuichomeka humo. Akainyanyua juani. "Mjomba, fyuzi yako inavuta sigara gani?" Kinyozi alikaa chini kabisa, juu ya nywele za watu.

Hakunigombeza. Alinieleza mara moja, polepole, kwamba pikipiki nyingi za umri huu zilitengenezwa kinyume na ninavyojua, chanya kwenye fremu, na kwamba fyuzi ilipokatika ilikuwa haijasusa, ilikuwa inanipigia kelele niache. Kisha akatoa kila waya ulioungua, akafunga mpya, saa sita mfululizo, chai ya mke wangu ikapoa pale alipoiweka. Betri akanipa niifunge mwenyewe. Akataka niisome kwanza karatasi kwa sauti. Nikaisoma mbele ya watu wote, neno kwa neno, kama mtoto wa chekechea. Nikafunga. Kiki moja, ikawaka.

Alipokuwa ananawa mikono ndipo akaniuliza kama nimejibu barua ya chuo, maana mmemwambia jibu la mteja lisipofika Jumatatu mnamchukua mtu mwingine. Sauti yake ilikuwa ndogo. Huyu mtoto ana mdomo kama wembe, sijawahi kumsikia na sauti ndogo. Nikamwambia nimejibu.

"Umeandika nini, Mjomba?"

"Mengi."

"Mazuri?"

Nikamwambia taulo liko nyuma ya mlango.

Ndugu Mkuu, barua hii imenichukua siku tatu na kalamu mbili. Nikisema niianze upya, utaipata wiki ijayo, na wiki ijayo amekosa kazi. Kwa hiyo Jumatatu asubuhi nakuletea hii hii, mlinzi apende asipende, nawe naomba uisahihishe mwenyewe. Popote nilipoandika "usimwajiri", chukua kalamu yako ufute "usi". Litakalobaki ni "mwajiri". Hilo ndilo ombi langu, na ndicho cheo chako, kwa hiyo huwezi kusema hukuelewa. Zile namba sita usizifute. Zisome tena taratibu, utaona hakuna hata moja iliyosema kazi yake ni mbaya. Habari ya mimi kuja kufundisha ifute yote, na kochi nitawaletea hata hivyo, akae yeye.

Na ile bahati niliyokuanzia nayo ni uongo. Shemeji hakuninyooshea kidole. Siku hiyo chumbani sikuwepo. Pikipiki alimwachia binti yake, binti alikuwa chuoni kwako anasoma, nikaenda kuivuta uani kwa dada yangu nikasema namtunzia. Sikumtunzia. Ni yake, na anajua.